Kukaguliwa getini: maswali ambayo watu huniuliza kila siku hapa Tabora

Nina steshenari ndogo Tabora mjini, ng'ambo ya barabara kutoka ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Natoa fotokopi, napiga chapa barua, nauza bahasha na kalamu. Kazi ambayo sikuiomba ni kutunza vitu vya watu: panga lililotoka kunolewa, jembe jipya lisilo na mpini, redio, dumu la asali, chochote ambacho mlinzi amekikataa. Kila anayeacha kitu anauliza yale yale. Nimeyaandika ili mashine ikiwa na kazi nimpe mtu karatasi asome mwenyewe.

Kwa nini mimi nakaguliwa kila nikiingia na wafanyakazi hawaguswi?

Utaambiwa ni kwa sababu wanajulikana. Si jibu baya. Mlinzi anayewajua watu kwa sura na kwa mwendo ni kinga nzuri kuliko mashine nyingi. Shida ni kwamba hapa kujulikana mtu anaweza kumgawia mwenzake. Mfanyakazi anaingia na shemeji yake, shemeji naye hakaguliwi. Fundi aliyekuja jana kutengeneza kiyoyozi leo anapita na sanduku la nyundo, bisibisi na msumeno wa chuma, anasalimia "mwangaluka" na kuendelea zake. Mama wa chapati anapita saa nne na beseni lililofunikwa kitambaa. Muuza magazeti, dereva wa mkubwa, mtoto wa mkubwa aliyekuja kuomba nauli, wote wanapita.

Ukiwaondoa hao wote, anayebaki wa kukaguliwa ni mtu wa aina moja: aliyetoka Kaliua au Uyui na basi la alfajiri, asiyemjua mtu yeyote ndani. Na mwezi wa Oktoba, joto likizidi, mlango wa pembeni unawekewa tofali usijifunge ili hewa ipite. Anayejua habari za tofali hana haja ya geti.

Lile fremu la kupita linatambua nini hasa?

Metali, basi. Ndani ya nguzo zake kuna nyaya zilizozungushwa, zinazotoa mapigo ya sumaku. Kipande cha chuma, shaba au alumini kikipita, mkondo mdogo wa umeme unazuka ndani yake, sumaku inavurugika na mashine inalia. Haijui kama ni kisu au kikopo cha ugoro. Unga, maji, plastiki na karatasi haiulizi habari zake.

Unyeti wake unarekebishwa. Ukiupandisha, kila mwenye mkanda, sarafu ya shilingi 500 au sidiria yenye waya analia, na foleni inafika barabarani. Ukiushusha mpaka sarafu zipite kimya, na vitu vingine vidogo vinapita kimya. Ninavyoona kutoka hapa dukani, unyeti hushushwa siku ya foleni ndefu, na siku ya kuupandisha haifiki.

Ugumu huu ni wa zamani. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, huyo huyo wa simu, akaleta chombo chake cha kutafuta risasi mwilini. Hakikuipata. Godoro lilikuwa na springi za chuma zilizokivuruga, na daktari alimruhusu atafute upande mmoja tu wa mwili, upande ambao risasi haikuwepo. Garfield akafa Septemba mwaka huo. Mambo yote mawili bado tunayo getini: chuma kisicho na kosa kinachopiga kelele, na mkubwa anayeamua wapi pasitafutwe.

Umeme ukikatika inakuwaje?

Tunapita ndani ya fremu hilo hilo likiwa limezimwa. Sitanii.

Nilimwona bibi mmoja mwenye furushi kichwani akipita pembeni, kwa kuwa aliona taa zimezimika na hakuona maana ya kujibana. Akaitwa arudi. Akatua furushi chini, akapita katikati ya nguzo mbili zisizo na umeme, kisha furushi lake likapitishwa pembeni na kukabidhiwa kwake bila kufunguliwa. Mteja wangu alipomuuliza kijana wa zamu, jibu lilikuwa: "Utaratibu ni kupita, mzee wangu."

Ile fimbo ya mkononi imelia, mlinzi akasema "pita". Maana yake nini?

Maana yake umebeba simu, na yeye anajua umebeba simu, na nyuma yako kuna watu arobaini. Funika kombe mwanaharamu apite. Anachopaswa kufanya ni kukwambia utoe kilicholia, kisha apitishe fimbo tena mpaka inyamaze. Hatua ile ya pili ndiyo kazi yenyewe. Bila hiyo, fimbo ni ya kupunga hewa.

Kuna fimbo ambazo hazilii kwa mtu yeyote, hata mwenye rundo la funguo. Nyingi hutumia betri ya mraba ya volti 9. Betri hizo ninauza, na naomba niishie hapo.

Tusijidharau sana lakini. Mwaka 2015 wakaguzi wa siri wa serikali ya Marekani walijaribu kupitisha silaha na mabomu ya bandia kwenye viwanja vya ndege vya nchi yao. Majaribio 67 kati ya 70 yalipita. Na wale umeme haukatiki.

Kwa nini naambiwa nionje maji yangu? Na asali je?

Kuonja hakuthibitishi kilichomo kwenye chupa. Kunaonyesha tu kwamba mwenye chupa hakusita. Kwa chupa ya maji siidharau njia hii: haina gharama, inachukua sekunde mbili, na mlinzi analazimika kumtazama mtu usoni, jambo ambalo mashine imewafanya wengi waache.

Kwenye asali mambo huharibika. Mzee mmoja wa Sikonge alifika na dumu la lita tano. Niliyasikia yote kwa kuwa nilikuwa nimempelekea mlinzi chenji yake.

"Shikamoo babu. Hii ni nini?"

"Marahaba. Asali, mjukuu wangu."

"Onja."

"Kwa mkono?"

Kijiko kikaazimwa kwa mama wa chai. Babu akaonja. Mlinzi akasema mbona nyepesi hivi, babu akamweleza kuwa ni ya nyuki wadogo, mlinzi akaonja na yeye ili ajiridhishe. Mwenzake wa zamu akaja kuthibitisha. Mama wa chai, mwenye kijiko, naye akathibitisha. Asali ikaonekana ni asali pasipo shaka yoyote, ndipo babu akaambiwa dumu haliingii kwa sababu vimiminika haviruhusiwi. Likaja kwangu likiwa limepungua.

Hili katazo la vimiminika limehama kutoka uwanja wa ndege. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliopanga kulipua ndege kwa mabomu ya maji maji yaliyofichwa kwenye chupa za vinywaji, na hapo ndipo ilipotoka sheria ya mililita 100 kwa abiria. Ni sheria ya ndege iliyo angani. Anayeombea mtoto cheti cha kuzaliwa kwenye jengo la ghorofa moja imemkuta kwa bahati mbaya tu.

Nasafiri kwa ndege na asali. Nitapata matatizo kweli?

Unaweza kucheleweshwa, na hapo mlinzi hana kosa. Mashine ya mionzi ya kukagulia mizigo hupaka vitu rangi kulingana na asili yake: metali huonekana ya bluu, na vitu vya asili ya viumbe, kama chakula, sabuni, karatasi na pia vilipuzi vingi, huonekana vya rangi ya chungwa. Asali ni nzito na ni ya chungwa.

Januari 2010, uwanja wa ndege wa Bakersfield, California, ulifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya begi la abiria mmoja. Kipimo cha kufuta begi kwa kitambaa kilionyesha dalili za baruti, na chupa zilipofunguliwa wakaguzi wawili wakalalamika kichefuchefu kutokana na harufu. Ilikuwa asali. Mwenyewe alikuwa mtunza bustani. Kwa hiyo ifunge vizuri, iweke kwenye mzigo mkubwa, na ukiulizwa sema "asali" kabla hujaambiwa ufungue.

Mkulima wa tumbaku ajue na hili: kipimo hicho cha kitambaa hutafuta chembe za kemikali, na mbolea za naitreti zinaweza kukiamsha. Glisirini iliyomo kwenye losheni za mikono vilevile. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya safari, na usifungashe nguo kwenye mfuko uliobebea mbolea.

Nimenyang'anywa mkasi mdogo wa kucha. Ndani nimekuta mikasi mitatu mezani. Niseme nini?

Usiseme kitu, maliza shida yako. Lakini umeona sawasawa. Orodha ya vitu vilivyokatazwa huandikwa kwa kuangalia mifuko ya wageni, bila mtu kutembea kwanza ndani ya jengo kuona kilichopo. Mwavuli unakataliwa, bakora ya mzee inapita (na ipite, msije mkaleta habari za kuwanyang'anya wazee bakora). Kisu cha maembe kinabaki kwangu, kisu cha jikoni la kantini kiko juu ya meza ya kantini.

Magari yanakaguliwaje?

Kwa kioo cha mpini kinachopitishwa chini ya gari, upande mmoja. Buti halifunguliwi. Waliokaa ndani hawashuki. Gari la serikali au lenye vioo vyeusi linapigiwa saluti, na geti linafunguliwa kabla halijasimama. Kwa hiyo mtu na dumu lake la lita tano amesimamishwa, na chombo kinachoweza kubeba madumu mia mbili kimepita. Hili ndilo pengo kubwa kuliko yote kwenye karatasi hii.

Na sisi Watanzania hatuna udhuru wa kutolijua. Tarehe 7 Agosti 1998 lori la mabomu lilipelekwa kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Watu 11 walikufa na 85 wakajeruhiwa. Siku hiyo hiyo Nairobi walikufa zaidi ya mia mbili. Dar es Salaam lori halikuingia ndani ya ua: lilikwama getini, ambako lori la maji la ubalozi lilikuwa mbele yake. Hakuna aliyeokolewa na fimbo ya kupapasia wageni. Kilichosaidia ni kizuizi na umbali kati ya mlipuko na ukuta. Ndiyo maana balozi za Marekani zilizojengwa baada ya hapo zimekaa mbali na barabara.

Hapa kwetu mawe makubwa yaliyopakwa chokaa, yakiwekwa mahali panapofaa, yangefanya kazi kuliko fremu lote. Yapo. Yamezungushiwa maua.

Mimi ni mwanamke na aliyepo getini ni mwanamume. Ana haki ya kunipapasa?

Hapana. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inasema mwanamke akaguliwe na mwanamke, kwa kuzingatia staha. Nayo inawahusu askari wenye mamlaka ya kupekua. Sembuse mlinzi wa kampuni. Katiba, ibara ya 16, inalinda faragha ya kila mtu. Mwambie kwa upole: "Kaka, naomba dada anikague." Ukivaa nikabu na ikabidi uso uonekane, ni hivyo hivyo, na iwe faraghani.

Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba dada wa zamu hayupo, na kaka mwenye adabu anakwambia "pita tu mama". Adabu yake naisifu. Ila nusu ya wanaoingia wanakuwa hawajakaguliwa, na aliyepanga zamu ndiye wa kulaumiwa.

Nina mimba. Nina vyuma mguuni. Nina mashine ya moyo.

Fremu na fimbo hutumia sumaku, si mionzi ya eksirei, hivyo mama mjamzito asiogope. Mwenye vyuma vya mfupa (na bodaboda zimetuachia wengi) aseme mapema. Atalia, na cheti cha hospitali kinapunguza maneno ingawa hakizuii kupapaswa. Mwenye kifaa cha moyo apite kwa mwendo wa kawaida bila kusimama wala kuegemea nguzo, na aombe fimbo isishikiliwe juu ya kifua.

Nimerudishwa kwa sababu ya ndala. Ndala ni hatari kwa usalama?

Mabango ya mavazi yaliyo getini yanatokana na waraka wa serikali wa mwaka 2007 ulioandikwa kwa ajili ya watumishi wa umma. Mgeni hakutajwa kuwa mtumishi. Lakini mlinzi amewekewa picha yenye alama ya kosa jekundu juu ya kaptula, kimini na yeboyebo, na picha ni rahisi kufuata kuliko kufungua begi. Nimeona begi lisilofunguliwa likipita begani mwa mtu aliyetazamwa kuanzia kola hadi soli. Kanga za kuazima ziko hapa dukani, nazo nazifua.

Daftari la wageni ni la nini? Lazima niandike namba ya simu?

Kwa nadharia ni la kujua nani yumo ndani. Lifungue uone. Safu ya "sababu ya kuja" imejaa neno "ofisini". Safu ya "muda wa kutoka" ni nyeupe kuanzia juu mpaka chini. Kwa mujibu wa daftari hilo, hakuna mtu aliyewahi kutoka kwenye jengo lile. Moto ukitokea, anayehesabu watu kwa daftari atatafuta miili ya watu walioko nyumbani Isevya wanakula ugali.

Majina nayo ni ya kubuni, kwa sababu hakuna anayelinganisha jina na kitambulisho. Anayeandika ukweli ni mwananchi mwaminifu, na uaminifu huo una gharama yake: daftari liko wazi mezani, na yeyote anayeandika baada yako anasoma namba yako. Dada mmoja aliandika asubuhi, jioni akapata ujumbe wa mtu asiyemjua: "Mambo, nilikuona pale getini na gauni la kijani." Alikuja kwangu kuandika barua ya malalamiko, sikumtoza.

Barua ile tuliiegemeza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na halali, zisizidi zinazohitajika, na zilindwe. Kuna Tume ya kupokea malalamiko. Ofisi ilijibu kwa kununua kadibodi ya kufunika mistari ya juu. Ilidumu mpaka ilipopotea.

Kwa nini tunasimamishwa foleni nje, juani?

Kwa sababu ukaguzi uko mlangoni na mlango ni mmoja. Machi 22, 2016, waliolipua uwanja wa ndege wa Brussels hawakujaribu kupita kwenye mashine. Waliwafuata watu waliojaa kwenye ukumbi kabla ya mashine. Msongamano unaotengenezwa na ukaguzi nao unahitaji ulinzi. Sisemi Tabora kuna mtu wa namna hiyo. Kinachotupata hapa ni jua, na wazee wanaozimia, na miembe ya mbele ya geti iliyokatwa ili kamera ione vizuri.

Sasa wizi unatokeaje kwenye ofisi yenye ulinzi wote huu?

Unatokea kwa kutoka. Hakuna anayekaguliwa akitoka. Kompyuta mpakato, betri za sola, mitungi ya kuzimia moto, marundo ya karatasi: vyote vinaondoka kwa mlango ule ule uliomsumbua babu wa asali. Hatari za ofisi zetu ni wizi, moto, na mtu aliyekasirika kwa kesi ya shamba au mirathi baada ya kuambiwa "njoo kesho" mara nyingi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolia kwenye fremu. Mlango wa dharura wa nyuma, ambao ungehitajika siku ya moto, umefungwa kwa mnyororo kwa sababu za usalama. Wa tofali ni mwingine.

Si wanunue mashine za kisasa?

Wanunue, ila waulize maswali. Iraq ilinunua kwa mamilioni ya dola kifaa kinachoitwa ADE 651, mpini wenye antena inayojigeuza, kilichodaiwa kunusa mabomu. Kilikuwa hakina hata betri. Asili yake ni kidude cha mzaha cha kutafutia mipira ya gofu, kilichouzwa Marekani kwa takriban dola 20. Mwingereza aliyekiuza, James McCormick, alifungwa miaka 10 mwaka 2013. Kabla ya hapo askari wa vizuizi vya Baghdad walikuwa wamekitumia miaka mingi, magari yenye mabomu yakiwapita.

Kwa hiyo walinzi ni wazembe?

Sikusema hivyo. Jaribu kusimama zamu ya saa kumi na mbili, mshahara wenyewe unaujua, ukiagizwa ukague kila mtu isipokuwa watu wote wanaoweza kukufukuzisha kazi. Yupo mmoja pale, mtu mzima, aliyewahi kuwa mgambo. Hatumii fimbo sana. Anamwamkia kila mtu na kumuuliza "unakwenda kwa nani?" Anayebabaika anamkalisha kwenye benchi, anampigia simu huyo aliyetajwa. Aliwahi kumzuia tapeli wa viwanja aliyekuja na suti na mkoba mzuri, ambaye fremu lilimnyamazia. Wamemhamishia zamu ya usiku.

Kuandika haya si kuwafundisha wahalifu?

Mhalifu akikaa kwenye benchi langu na soda moja ataona yote haya kabla soda haijaisha. Wasioyaona ni wanaoingia kwa gari.

Niliacha kitambulisho getini, nimepewa cha mtu mwingine. Nifanyeje?

Usiondoke nacho. Rudi hapo hapo, kimwage kile kikasha mezani mbele ya mlinzi, utafute chako. Kisipopatikana, hicho ulichopewa kiache kwa mkuu wa zamu na uandike jina lake, kisha nenda polisi uchukue ripoti ya upotevu siku hiyo hiyo, maana namba yako ya NIDA ndiyo inayosajilia laini za simu. Baada ya hapo nenda ofisi ya NIDA kuomba kingine. Beba nakala ya kitambulisho kama unayo. Na pale NIDA utakaguliwa, kwa hiyo panga liache kwa mtu.